Thamani ya Kazi ya Mwanamke Hupangwa na Nani?

Akina mama wakisikia redioni kwamba Serikali inajitahidi kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata ujira sawa, mara nyingi hugawanyika makundi mawili. Ndivyo ilivyokuwa hata kwetu hapa Mlandege, mjini Iringa, jambo hili lilipozuka katika mazungumzo baada ya kikao cha akina mama. Mwalimu mmoja alisema kwamba tatizo hilo limekwisha zamani, kwa kuwa yeye na mwalimu wa kiume wa ngazi yake hupokea mshahara uleule mpaka senti ya mwisho. Mama mwingine, ambaye riziki yake ni kibarua cha kubeba maji na mchanga kwenye nyumba zinazojengwa, alicheka tu. "Mwalimu," alisema, "njoo siku moja tulipo sisi, jioni fedha zinapogawiwa."

Wote wawili walisema kweli. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha ukweli wa mwalimu unaishia wapi, na ule wa mama wa kibarua unaanzia wapi.

Katika utumishi wa umma mshahara haumtazami mtu, hutazama cheo na ngazi yake. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada. Muuguzi mwanamume mwenye cheo kama changu na muda kazini kama wangu hapati hata shilingi moja zaidi kwa sababu ya uanaume wake. Lakini kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Ukisoma matangazo ya ajira ya Serikali utakuta kwamba Afisa Muuguzi Msaidizi na Tabibu, ambao wote wamesoma stashahada ya miaka mitatu, huwekwa kwenye ngazi moja ya mshahara, yaani TGHS B. Kazi hizi mbili si kazi moja. Tabibu huchunguza mgonjwa na kuandika dawa. Muuguzi hukesha naye, humpa hizo dawa, huona mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa desturi uuguzi umehesabiwa kuwa kazi ya kike. Hata hivyo katika ngazi ya mshahara kazi hizi zimewekwa bega kwa bega.

Naomba msomaji aushike mfano huo, maana utatusaidia mbele.

Sheria ilivyofika hapa

Haki ya ujira wa haki imo katika Katiba yetu. Ibara ya 23 inampa kila mtu haki ya kulipwa kulingana na kazi yake pasipo ubaguzi wa aina yoyote, na iliingia pamoja na haki nyingine za binadamu katika mabadiliko ya mwaka 1984. Huko nje, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limekwisha kupitisha Mkataba Na. 100 kuhusu ujira sawa tangu 1951. Nchi yetu iliuridhia mwaka 2002, baada ya nusu karne. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1995, Mtanzania mwenzetu Mama Gertrude Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa nne wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing, na ujira sawa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyodaiwa pale. Wako waliomcheka mtu aliyetaja Beijing nyumbani kwake siku zile. Kumbe mbegu ilikuwa imepandwa.

Bunge lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, nayo ikaanza kutumika Tanzania Bara Desemba 2006. (Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2005.) Kifungu cha 7 ndicho kinachotuhusu. Kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, virusi vya UKIMWI, na sababu nyingine kadhaa. Kisha kinamwagiza kila mwajiri achukue hatua za dhati kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Na neno ujira katika sheria hii halimaanishi mshahara mtupu. Ni jumla ya malipo yote anayopata mfanyakazi kutokana na kazi yake, yawe fedha au vitu. Kwa hiyo posho ya nyumba, chakula cha mchana na malipo ya saa za ziada yamo ndani yake. Mwajiri anayelinganisha mishahara kisha akagawa posho kwa wanaume peke yao bado amebagua.

Tazama jinsi kifungu hicho kilivyotaja majukumu ya familia. Sababu ya kale iliyotolewa kila mara ya kumlipa mwanamume zaidi ilikuwa kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, na mwanamke anatafuta fedha ya kanga na chumvi tu. Hapa Iringa neno hilo linauma zaidi. Mkoa wetu ni kati ya mikoa iliyopigwa vibaya na UKIMWI, na nyumba nyingi zinaongozwa na wajane, na nyingine na bibi anayelea wajukuu. Ada ya shule haimwulizi mlipaji kama ni baba au bibi.

Kazi moja, au thamani moja?

Wengi husoma sheria hii kwa haraka, wakadhani inasema "kazi ileile, malipo yaleyale". Kama ingekuwa hivyo, kuikwepa kungekuwa rahisi sana. Mwajiri angezipa kazi majina mawili, hii ya wanaume na hii ya wanawake, halafu akasema haziwezi kulinganishwa.

Jambo hilo lilitokea Uingereza mwaka 1968. Katika kiwanda cha magari cha Ford kilichoko Dagenham, wanawake walioshona vifuniko vya viti vya magari waliwekwa katika daraja la wasio na ujuzi. Tena walilipwa asilimia 85 tu ya malipo ya wanaume wa daraja hilohilo. Waligoma, kiwanda kikasimama, maana gari lisilo na viti haliuziki. Baada ya mgomo huo walipandishwa hadi asilimia 92, na mwaka 1970 Bunge la nchi ile likatunga sheria ya ujira sawa. Lakini kushona kwao hakukutambuliwa kuwa ni ujuzi mpaka mwaka 1984, baada ya kugoma tena. Kwa miaka mingi walikuwa na sheria mkononi na bado waliitwa watu wasio na ujuzi. Mtu aliyewahi kukaa kwenye cherehani atajua uchungu wa neno hilo.

Sasa turudi Mlandege kwa yule mama wa kibarua. Penye ujenzi, kijana anayechanganya zege na kumpelekea fundi karai huitwa saidia fundi. Mwanamke anayechota maji na kuyabeba kichwani kwa ndoo, asubuhi hadi jioni, huitwa mbeba maji. Zege bila maji ni vumbi. Wanaanza saa moja na kumaliza saa moja, jua ni lilelile na vumbi ni lilelile. Lakini jioni wanapewa fedha tofauti, na ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba wale ni saidia fundi na hawa ni wabeba maji. Tofauti imefichwa katika jina.

Kupima thamani ya kazi si uganga. Unatazama mambo manne: ujuzi unaohitajika, nguvu za mwili na akili zinazotumika, jukumu analobeba mfanyakazi, na mazingira anamofanyia. Chukua shule ya bweni. Mpishi huamka saa kumi alfajiri, hukoroga uji kwenye sufuria ambayo wewe na mimi tusingeweza kuiinua, hukaa na moshi mchana kutwa, na akikosea usafi mara moja watoto wa bweni zima huharisha. Nimewauguza watoto wa namna hiyo. Jukumu la mpishi si dogo. Mlinzi naye hukesha kwenye baridi ya Iringa, ambayo mwezi wa Juni na Julai si mchezo, na huhatarisha maisha yake akikutana na wezi. Sisemi mpishi lazima ampite mlinzi. Nasema wapimwe, maana mara nyingi hawakupimwa kabisa. Mlinzi alipangiwa kama baba wa familia, na mpishi alipangiwa kama mama anayefanya nje kile afanyacho nyumbani bure.

Hapo ndipo lilipo shina la jambo hili kwa maoni yangu. Kazi ambazo mwanamke huzifanya nyumbani bila malipo, yaani kupika, kufua, kulea, kuuguza na kuchota maji, zikitoka nje ya mlango hufuatwa na ule ubure wake. Watu huona kama vile kuzilipa ni hisani.

Kilo za chai na siku za uzazi

Nenda wilayani Mufindi kwenye mashamba ya chai. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na bei ya kilo haijui huyu ni mwanamke au mwanamume. Kwenye karatasi ni usawa mtupu. Lakini mimba ya miezi minane inaijua kilo. Mama mwenye mtoto mgongoni huchuma polepole, husimama kunyonyesha, huondoka mapema mtoto akipata homa. Sisi wauguzi huwaona wanaochelewa kuanza kliniki kwa sababu siku moja ya kliniki ni siku moja bila kilo. Ukimwambia aje tena baada ya wiki nne, anakuhesabia kwa vidole atakachopoteza.

Serikali imeweka kinga kadhaa. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni siku 100. Baba naye ana siku 3, ambazo baba watoto wengi hawajui kuwa ni zao. Mama akirudi kazini ana haki ya kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi hadi saa mbili kwa siku. Hapa naomba nizungumze kama muuguzi. Tunafundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Kwa hiyo saa hizo mbili ndizo zinazomvusha mtoto hadi mwezi wa sita, na mama anayeziacha kwa kumwogea msimamizi anaacha haki ya mtu ambaye hawezi kujisemea.

Likizo yenye malipo humfikia mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini, na waajiri wa vibarua hupenda kuishika sentensi hiyo na kuishia hapo. Sheria haiishii hapo. Kibarua aliyeitwa na mwajiri mmoja mara kadhaa ndani ya mwaka, siku zake zote zikijumlishwa zikapita miezi sita, naye anayo haki. Shida ni kwamba hakuna aliyezihesabu. Mama mwenzangu, daftari la shule la mtoto likibaki na kurasa nyeupe, liwe lako. Andika tarehe, kazi, na kiasi ulicholipwa.

Mahali pa kulalamika

Mwanamke akiamini kwamba analipwa pungufu kwa kuwa ni mwanamke, kwanza azungumze na mwajiri, na kama kuna chama cha wafanyakazi apite huko. Watu wa afya na serikalini wana TUGHE. Wa mashambani wana TPAWU. Isiposaidia, apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kwa kifupi CMA. Kuna fomu ya kujaza, na kabla ya yote wahusika hukalishwa wapatane. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufungua shauri. Madai mengine, likiwamo la ujira, yana siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Wengi hupoteza haki hapa tu, kwa kusubiri mwaka mzima huku wakimlilia Mungu na majirani. Kumlilia Mungu ni vema, lakini siku 60 zinaendelea kwenda.

Jambo moja la kutia moyo ni hili: mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha kwamba kuna ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unamhamia mwajiri. Ni yeye atakayeeleza kwa nini Juma anapata zaidi ya Mariamu.

Lakini Mariamu atajuaje Juma anapata nini? Huo ndio udhaifu mkubwa wa mpango wetu. Mishahara huwa siri, hasa katika makampuni na shule za binafsi, na sheria inamngoja mwanamke ajitokeze peke yake alalamike dhidi ya anayemlisha. Maofisa Kazi wana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua vitabu, ila hawawezi kuwa kila mahali. Kule Iceland waliona jambo hili, wakaligeuza. Januari 2018 sheria yao ilianza kuitaka kampuni yenye wafanyakazi 25 au zaidi ithibitishe yenyewe kwamba inalipa sawa, kabla hajalalamika mtu. Kwetu, sheria ya 2004 inamtaka mwajiri aandae mpango wa kuondoa ubaguzi na kutoa nafasi sawa, na Kamishna wa Kazi anaweza kumtaka ausajili. Nimewauliza wanawake wengi ninaowafahamu walioajiriwa katika sekta binafsi. Sijampata hata mmoja aliyewahi kuuona mpango wa mahali pake.

Na nyumbani kwetu je?

Wako watakaoniambia kwamba katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, mwenye shamba alilipa alivyopenda. Ni kweli alikuwa mkarimu kwa wa mwisho, lakini hakumpunja wa kwanza hata nusu ya dinari waliyopatana. Ninautaja mfano huo kwa sababu sasa tunafika kwenye mashamba ya mizabibu yaliyo mikononi mwetu sisi wenyewe, yaani majumbani.

Mkoa wa Iringa unajulikana nchi nzima kwa kutoa mabinti wa kazi za ndani. Karibu kila familia hapa ina binti wa ndugu au jirani aliyekwenda Dar es Salaam, na karibu kila mwanamke mwenye ajira, nami nikiwamo, amewahi kwenda kazini akiwa amemwachia binti mtoto wake. Serikali huwapangia kima cha chini. Katika amri ya mshahara ya mwaka 2013 mfanyakazi wa mashambani alipangiwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya kawaida alipangiwa 80,000, na anayelala kwa mwajiri 40,000, kwa hoja kwamba anakula na kulala pale. Amri iliyoanza Januari 2023 ilimpandisha huyo anayelala kwa mwajiri hadi 60,000. Viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, kwa wastani wa asilimia 33.4. Kwa kulinganisha tu, kima cha chini cha mtumishi wa umma kilitoka 370,000 kikawa 500,000 kuanzia Julai 2025.

Sitaficha maoni yangu. Serikali hiyohiyo iliyoamuru thamani sawa iliiweka kazi hii, ambayo hufanywa hasa na wasichana na wanawake, katika kiwango cha chini kabisa cha orodha. Na sisi wenye nyumba hatukulalamika. Nyumba nyingi zina binti wa kazi na kijana wa kuhudumia ng'ombe. Kijana huamka mapema, hukata majani, hukamua, mchana hupumzika. Binti huamka mapema zaidi, hulala wa mwisho, hupika, hufua, na hushika mikononi mwake mtoto wako, ambaye sidhani thamani yake ni ndogo kuliko ya ng'ombe. Vipime vile vipimo vinne: ujuzi, nguvu, jukumu, mazingira. Halafu tazama nani analipwa zaidi, na nani hulipwa kwa wakati. Huenda wako watakaosema kijana ana maisha ya kuanza, naye binti ataolewa. Huyo ni yule mwajiri wa kale aliyesema habari za kanga na chumvi, ila sasa amevaa kitenge.

Binti wa kazi ni mfanyakazi mbele ya sheria kama mimi nilivyo. Asiwe chini ya miaka 14. Anastahili maelezo ya kazi kwa maandishi, yanayotaja kazi zake, tarehe ya kuanza, saa za kazi na ujira. Anastahili saa 24 za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka, ambayo si ile anayopewa kwa sababu nyie mnasafiri. Mshahara apewe yeye mkononi au kwenye simu yake. Kumtumia mama yake kijijini ni sawa ikiwa binti mwenyewe ameomba hivyo. Chama chake ni CHODAWU. Na akiona amepunjwa, mlango wa CMA uko wazi kwake kwa fomu ileile na kwa zile siku 60, na atakayeitwa kujieleza ni mama mwenye nyumba.